Katriji ya miksa ya shawa imedumu miezi saba tu: tulikosea wapi?

Mama wa Nguvumali ameandika:

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Naandika kutoka Nguvumali, Tanga mjini, nikiwa na shida ambayo nilidhani tuliimaliza mwezi wa tisa mwaka jana.

Bafuni kwangu kuna miksa ya shawa yenye mpini mmoja, ile inayokaa nje ya ukuta juu ya miguu miwili, upande mmoja maji ya moto kutoka kwenye hita na upande mwingine maji baridi. Ilipoanza kudondosha maji mara ya kwanza, fundi niliyemwita alisema katriji, yaani kile kipuri cha ndani kinachofungua na kufunga maji, imekwisha, akanunua nyingine na kuifunga katika muda usiofika nusu saa. Mimi nilisimama mlangoni nikifuatilia kila alichokifanya, na shawa ikakauka kabisa. Sasa ni mwezi wa nne, na matone yamerudi. Juzi baada ya sala ya isha niliweka beseni chini ya shawa, na alfajiri nilipopima kwa jagi nikapata karibu lita sita. Zaidi ya hayo mpini umekuwa mgumu, hasa ninapougeuza upande wa moto, na maji ya moto yenyewe yanatoka machache kuliko yale ya baridi.

Nyumba inatumia tangi lililo juu ya mnara wa matofali wenye urefu wa kama mita nne. Maji ya mjini ndiyo tunayoyategemea, lakini yakikatika kwa siku mbili au tatu tunajaza tangi kwa maji ya kisima cha jirani.

Naomba kufahamishwa mambo mawili. Je, ni kawaida kwa katriji kufa baada ya miezi saba, au tuliuziwa kitu kibovu? Na je, mtu kama mimi, mwenye bisibisi, plaizi na spana moja ya kurekebisha, anaweza kuibadilisha mwenyewe bila kuharibu miksa yenyewe? Nataka kuelewa kazi hii kabla ya kumwita mtu mwingine, kwa sababu nikibadilisha kipuri bila kujua kilichokiua nitakuwa nabadilisha kila mwaka.

Fundi wa Ngamiani ameandika:

Waalaykum salaam, dada. Umeuliza vizuri, na kipimo chako cha beseni kimenisaidia sana. Watu wengi huona matone machache mara baada ya kufunga mpini wakadhani katriji imekufa, kumbe ni maji yaliyobaki kwenye bomba la kwenda juu na kwenye kichwa cha shawa, ambayo hujitoa kwa dakika kadhaa kisha hukoma. Lita sita kwa usiku mmoja haziwezi kuwa maji ya mabaki. Hapo maji yanapita ndani ya katriji.

Kwanza uelewe kilichomo ndani. Katriji ya miksa ya mpini mmoja ni kopo la plastiki lenye visahani viwili vya kauri, kimoja kimetulia na kingine kinatembea juu yake kila unapousogeza mpini. Visahani hivyo vimesuguliwa vikawa bapa kiasi kwamba ukivibandika vikiwa na unyevu kidogo, kuvitenganisha kwa kuvivuta moja kwa moja ni shida. Matundu yakikutana maji hupita, yakipishana maji hufungwa. Chini ya kopo kuna mipira miwili au mitatu inayozuia maji yasipite pembeni, kati ya katriji na kitako chake ndani ya miksa. Kwa hiyo zipo njia mbili za maji kuvuja hadi kwenye shawa: ama katikati ya visahani, ama chini ya mipira. Ingekuwa maji yanatokea shingoni, chini ya mpini, ningekwambia utazame oringi, ile pete ya mpira, na nati ya kubana kabla ya jambo lolote.

Miezi saba ni kidogo mno. Katriji ya wastani, kwenye maji safi, hudumu miaka. Swali langu kwako ni hili: fundi alipotoa katriji ya zamani, je, alifungulia maji kidogo yasafishe tumbo la miksa kabla ya kuweka mpya, na je, alikipangusa kitako? Nusu saa, pamoja na safari ya dukani, hainionyeshi kwamba alifanya hivyo. Chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya mpira, au ikasukumwa katikati ya visahani siku ya kwanza tu, katriji mpya inaanza kazi ikiwa tayari na jeraha.

Kazi yenyewe unaiweza. Ongeza ufunguo mdogo wa pembe sita, kwa kuwa skrubu ya mpini mara nyingi ni ya milimita 2.5 au 3. Chagua siku ambayo maduka ya vifaa vya ujenzi yamefunguliwa, uanze asubuhi, na ujaze ndoo mbili za matumizi, maana miksa za aina yako aghalabu hazina koki zake ndogo na itabidi ufunge maji ya nyumba nzima.

Kabla ya maji, zima hita kwenye swichi yake, na usiiwashe tena mpaka uone maji ya moto yakitoka kwa mfululizo bombani. Hita ikiwaka bila maji koili yake inaungua, na hasara hiyo ni kubwa kuliko miksa nzima. Funga koki inayotoka kwenye tangi, kisha koki ya maji yanayoingia kwenye hita. Fungua bomba la chini kabisa la nyumba maji yaishe. Ziba tundu la sakafu ya bafu kwa kitambaa, kwa sababu skrubu ile ikidondoka humo hutaiona tena.

Sasa banua kidude chenye alama nyekundu na bluu, legeza skrubu iliyo ndani yake, nyanyua mpini, kisha zungusha kofia ya kromu kwa mkono kinyume cha mwendo wa saa. Ikikataa, izungushie kitambaa kabla ya kuigusa kwa plaizi, maana meno ya plaizi yakishika kromu alama haitoki. Chini ya kofia utakuta nati pana ya shaba, ambayo ndiyo inayoikandamiza katriji. Ilegeze kwa spana iliyokaa sawasawa, huku mkono mwingine ukiushika mwili wa miksa usizunguke, kwa kuwa ukizunguka utalegeza miguu iliyoko ukutani na utajitafutia uvujaji mwingine ndani ya ukuta. Nati ikitoka, vuta katriji juu kwa mkono.

Hapo usikimbilie dukani kwanza. Tazama kitako kwa tochi. Pangusa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kisha weka ndoo, mwambie mtu afungulie koki ya tangi kwa sekunde chache na kufunga, halafu afanye hivyo kwa upande wa hita. Maji yatarukia juu, kwa hiyo yafunike kwa kitambaa kizito. Utashangaa yatakayotoka.

Dukani nenda na katriji yenyewe mkononi. Picha ya simu haitoshi. Zinazopatikana zaidi ni za kipenyo cha milimita 35 na 40, na tofauti ya milimita tano jicho halitaiona mpaka ufike nyumbani. Hata za kipenyo kimoja zinatofautiana: zipo zenye kitako bapa na zipo zenye miguu iliyonyanyuka, vijiti vya kushika mpini havifanani unene, na urefu wa kopo nao hutofautiana. Zilinganishe zikiwa zimesimama kando kwa kando juu ya kaunta, kisha uzipindue utazame chini: matundu matatu na vile vipini viwili vya plastiki vinavyoingia kwenye vishimo vya miksa lazima vikae mahali pamoja.

Unaporudisha, hakikisha vipini vimeingia kwenye vishimo vyake kabla ya kukaza nati. Katriji iliyokaa sawa haichezi hata ukiigusa kwa kidole. Kaza nati kwa mkono, kisha ongeza kwa spana kidogo tu, kama robo ya mzunguko. Ukikaza kupita kiasi mpini unakuwa mgumu na kopo linaweza kupasuka, na ukilegeza mno maji yatapita chini ya mipira.

Mzee wa Pongwe ameandika:

Nimesoma maelezo ya fundi na nayakubali karibu yote, ila naona hajaligusa lile ambalo dada mwenyewe ameshalitaja bila kujua uzito wake: mpini mgumu upande wa moto, maji machache upande wa moto, na kisima cha jirani. Hizo ni dalili za chokaa kabla ya kuwa dalili za mchanga.

Sisi wa Tanga tumejenga juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni kazi ya maji yaliyoyayeyusha mawe hayo kwa muda mrefu, na huku kwetu Pongwe mawe hayohayo yanachimbwa na kuchomwa kuwa saruji. Maji ya kisima yanayopita humo hubeba chokaa iliyoyeyuka, wala huioni ukiyatazama kwenye glasi. Yakipashwa moto hewa ya kaboni dioksidi hujitoa, na chokaa haina namna ya kuendelea kuyeyuka, basi huganda kwenye koili ya hita, kwenye bomba na ndani ya katriji. Ndiyo sababu upande wa moto huziba mapema kuliko wa baridi. Maji ya mjini kutoka Mto Zigi, unaoanzia Usambara Mashariki na kukusanywa kwenye bwawa la Mabayani, hayajatoka ndani ya mwamba wa chokaa kama ya kisima. Kwa hiyo dada, kila unapojaza tangi kwa maji ya jirani unabadilisha aina ya maji yanayopita kwenye hita yako.

Nataka pia kusahihisha fikra iliyozoeleka kwamba mchanga huitafuna kauri. Visahani vya katriji nyingi vimetengenezwa kwa oksidi ya alumini, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs iko kwenye 9, ilhali mchanga wa kwazi uko kwenye 7. Mchanga wa kawaida hauwezi kuikwaruza kauri hiyo kwa urahisi. Unachofanya ni kukaa katikati na kuviinua visahani visigusane, huku chokaa ikijijenga pale palipoinuka, na mipira ikikatwa na chembe zilezile. Jambo hili lina faida kwa mfuko: katriji yako ya miezi saba huenda haijafa. Iloweke kwenye siki nyeupe kwa saa moja hivi, ukiizungusha mpini wake mara kwa mara, utaona mapovu, na hayo ni chokaa ikiyeyuka. Isuuze sana kwa maji safi, ijaribu. Ikirudi kuwa laini na kukauka, umeokoa fedha. Isipokauka, hujapoteza kitu.

Tahadhari mbili ambazo nawaomba wote wazishike. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo au kung'arishia nguo yenye klorini, wala zisitumike kwa pamoja mahali pamoja, kwani hutoa hewa ya sumu, na bafu zetu nyingi zina dirisha dogo. Pia usipake mafuta ya mgando ya kawaida kwenye mipira ya katriji kwa nia ya kuilainisha. Mipira mingi ya mabomba haipatani na mafuta yatokanayo na petroli. Huvimba na kulegea. Tafuta grisi ya silikoni inayokubalika kwa maji ya kunywa, na ukiikosa, funga ikiwa imelowa maji tu.

Dada wa Raskazone ameandika:

Mimi nilichoshwa na jambo hilihili nikang'oa miksa, nikaweka koki mbili za kizamani zenye spindo, kile kijiti cha ndani kinachozunguka na mpini, na washa ya mpira, moja ya moto na moja ya baridi. Washa ikichakaa naibadilisha mwenyewe kwa dakika kumi, na inapatikana hata kwenye duka dogo la mtaani. Sioni sababu ya kuhangaika na kipuri ambacho lazima ukizungushe mji mzima kutafuta kinachofanana nacho.

Fundi wa Ngamiani ameandika:

Dada wa Raskazone, nakuheshimu, na kwa nyumba yenye maji ya kisima mwaka mzima ningeweza kukubaliana nawe. Lakini mwenzetu ana miksa nzima ambayo mwili wake ni mzuri, na kuing'oa ni kugusa ukuta na marumaru. Koki za washa nazo haziponi chokaa: kitako cha shaba hupata makovu, mpira mpya unakalia kitako kibovu, na mtu anaanza kukaza kwa nguvu mpaka spindo inaharibika. Na ukinunua koki mbili, tazama kwamba ni za washa kweli, kwa sababu siku hizi nyingi zinazogeuka robo mzunguko zina visahani vya kauri ndani, na yake ya moto na ya baridi mara nyingi hufunguka kwa pande zinazopingana, kwa hiyo haziazimani.

Mzee wa Pongwe, shikamoo. Nakubali nililiruka suala la chokaa, na habari ya kuloweka kwenye siki nimeichukua. Ningeongeza kitu kimoja tu kwa Mama wa Nguvumali. Miksa ya nje ya ukuta inaunganishwa na miguu yake kwa nati mbili kubwa, na ndani ya kila nati kuna washa. Zipo washa zenye wavu mdogo katikati, zinazokaa palepale. Omba hizo ukiwa dukani. Kwa kuwa tangi lako liko mita nne tu, na kila mita kumi za kimo hutoa shinikizo la takriban baa 1, usichukue wavu wenye matundu madogo sana, maana utajinyima maji. Na bomba linalotoka kwenye tangi lisianzie kwenye sakafu ya tangi. Likianzia sentimita chache juu, tope litabaki chini kungoja siku ya kuosha.

Mama wa Nguvumali ameandika:

Nimerudi kutoa taarifa, kwani nimefanya kazi jana Jumamosi tangu saa mbili asubuhi.

Mzee wangu shikamoo, na fundi nashukuru sana. Kofia ya kromu ilitoka kwa mkono, lakini nati ya shaba ilikuwa imeshikwa na ukoko mweupe kabisa. Sikuilazimisha. Nililowesha kitambaa kwa siki nikakizungushia kwa muda wa saa moja, nikaosha, kisha ikalegea kwa spana huku kijana wangu ameushika mwili wa miksa. Katriji ilipotoka nilikuta chini yake, upande wa moto, punje za mchanga na vipande vyeupe kama maganda ya yai, na mpira mmoja una alama ya kukatwa. Tulipofungulia maji kwa sekunde chache, upande wa hita ulitema maganda mengine mengi zaidi. Nimeamini kwamba mwaka jana tulifunga katriji safi juu ya uchafu.

Nililoweka katriji kama nilivyoelekezwa. Mapovu yalitoka kweli na mpini wake ukalainika, lakini kwa sababu ya ule mpira uliokatwa niliona nisibahatishe. Duka la kwanza, karibu na soko la Mgandini, walinipa ya milimita 40 wakisema zote ni sawa. Nilipoziweka kando kwa kando ilionekana wazi kuwa yangu ni ya 35, yenye miguu iliyonyanyuka. Duka la tatu ndilo lililokuwa nayo, pamoja na washa mbili zenye wavu. Ile ya zamani nimeihifadhi. Nikipata mpira wa kipimo chake itakuwa akiba.

Imebaki hitilafu moja. Matone yamekoma, mpini ni laini, lakini sasa nikiugeuza kushoto napata baridi na kulia napata moto, kinyume cha alama na kinyume cha tulivyozoea. Mama yangu mzazi anaoga humo na macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo siwezi kuliacha hivi. Je, nimeharibu kitu?

Fundi wa Ngamiani ameandika:

Hujaharibu kitu, dada, na hongera kwa subira uliyoionyesha kwenye ile nati. Umeiweka katriji ikiwa imegeuka nusu mzunguko. Kwenye miksa nyingine vipini viwili vya chini vinalingana, kwa hiyo vinaingia pande zote mbili bila kukuonya. Zima hita, funga maji, legeza nati, inyanyue katriji, igeuze nyuzi 180 na uirudishe. Ukikuta haikubali kuingia hivyo, basi usiilazimishe. Niandikie, maana tatizo litakuwa kwenye mpangilio wa bomba za moto na baridi.

Mpaka utakapomaliza, hita ibaki imezimwa. Mtu asiyeona vizuri akigeuza mpini kwa mazoea ataungua kabla hajajua kilichotokea.

Mama wa Nguvumali ameandika:

Nimeigeuza leo asubuhi, imeingia bila shida, na moto umerudi kushoto. Nimemwomba mama aujaribu mpini mwenyewe nikiwa pembeni yake, akaridhika. Usiku wa leo naliweka tena beseni, na tangi tutaliosha masika yakiisha.

Mama wa Nguvumali ameandika:

Alfajiri hii beseni ni kavu.